Mara yangu ya kwanza angani

Bukavu, Alhamisi

Mimi ndiye wa kwanza kufundisha mambo ya ndege hapa Bukavu, miaka kumi na mbili sasa, lakini sikuwa nimepanda ndege hata siku moja. Hakuna aliyewahi kuniuliza.

Leo nilipeleka darasa kwenye uwanja wa ndege wa Kavumu. Cirhuza, mwanafunzi wangu wa zamani, sasa piloti wa ndege ndogo, akaniita: "Maman Mwalimu, panda, tuzunguke ziwa kidogo." Ningekataa namna gani mbele ya wanafunzi?

Tulipopaa nilifumba macho kwa woga mpaka tukatua.

Tuliposhuka akaniuliza polepole: "Maman, ulikuwa unaomba?"

"Nilikuwa nasikiliza moteri ya ndege."

Akawageukia wanafunzi: "Mumeona? Maman Mwalimu anafunga macho, anasikiliza moteri."

Wote wakaandika hayo mu kaye zao za masomo. Kesho nitayafuta namna gani bila kusema ukweli?