Bei Yangu ni "Tutaelewana", na Magoti Yamechoka

Mpendwa Bi Yumna, naomba msaada wako na naomba usinicheke, mimi ni mpishi wa shughuli, naishi Jadida hapa Wete, na tangu mume wangu afariki kazi hii ndiyo iliyonilelea wanangu, nimepika harusi na hitima na maulidi kutoka Wete mpaka Tumbe, lakini tangu nianze sijawahi kumtajia mtu bei. Mtu akiniuliza nasema tutaelewana, ndivyo alivyokuwa akisema marehemu mama, na kwetu ukimtajia bei jamaa yako kwenye shughuli unaonekana umekosa adabu. Wengine hunipa bahasha, wengine doti ya kanga na sinia la biriani niliyoipika mwenyewe, nami hushukuru, na sanduku limejaa kanga ambazo umri wangu hautoshi kuzivaa zote.

Akiba yangu ya uzeeni nilifikiri ni masufuria. Kila nikipata kidogo nilinunua sufuria kubwa la shughuli, nikijiambia siku nikishindwa kuinama nitakaa barazani nikodishe. Masufuria ninayo, ila hayalali kwangu, kila mwenye shughuli huja akayachukua bure kwa kuwa ni ya ndugu, yakirudi yana masizi na mibonyeo, na wa kuyasugua ni mimi. Mwezi uliopita goti lilivimba hata kusimama kuswali nikashindwa, na siku hiyo jamaa walikuja asubuhi na gari wakayapakia masufuria wakaenda nayo harusini Tumbe, mimi nikapanda boda peke yangu mpaka hospitali, daktari akaniambia nikiendelea kubeba na kuinama hivi sitafika mbali.

Sasa nimebanwa. Bwana Haitham, kijana wa ofisi moja pale Gombani, anataka niwapikie kwenye mkutano wao wiki ya pili baada ya Idi, wasaidizi nichague mwenyewe, na kazi ikiwapendeza itakuwa kila mwezi. Akaniuliza bei. Nikamwambia tutaelewana. Akacheka kwa heshima, akasema, "Bi Mwanapili, hiyo tutaelewana siwezi kumpelekea mhasibu." Amenipa mpaka mwisho wa mwezi, na kila nikitaka kutaja bei mdomo unakauka. Na wiki hiyohiyo ya mkutano mdogo wangu Kificho anamwoza binti yake, keshaniambia nipike mimi na masufuria yote yawe tayari. Nilipojaribu kumweleza habari ya goti na ya uzee wangu alinirukia, "Dada, weye akiba ya n'ni? Weye una watu!" Bi Yumna, huyu ni ndugu yangu wa tumbo moja, nikimkatalia nitazikwa na nani, nikimkubalia kazi ya Gombani ndiyo imekwenda. Silali. Nifanye nini?

Mwanapili, Jadida

* * *

Bi Mwanapili, pole kwa goti. Pole nyingine sina, maana hayo mengine umeyapika mwenyewe.

Niambie, muuza mchele atamwambia Kificho tutaelewana? Mwenye ng'ombe? Mpiga picha? Hao wote watalipwa kabla bibi harusi hajapakwa hina, na hakuna atakayesema wamekosa adabu. Ni wewe tu unayeona haya. Adabu ni jambo jema, lakini dukani hawauzii dawa kwa adabu.

Kaa kitako leo uihesabu kazi yako yote, tangu kwenda sokoni na kuchambua mchele mpaka kusugua sufuria la mwisho. Tia wasaidizi, tia kuni, tia kuchakaa kwa vyombo. Kisha tia na fungu la siku ambazo hutaweza kupika, kwa sababu mwalimu na karani hukatwa lao kwenye mshahara, wewe hakuna wa kukukata. Gawa kwa idadi ya walaji, hiyo ndiyo bei yako. Mdomo ukikauka, iandike, mpe Haitham karatasi unyamaze. Nusu uitake kabla hujawasha moto. Lile fungu la uzee lisifike nyumbani: nenda mfuko wa hifadhi ya jamii ukaulize mpango wa hiari wa waliojiajiri, uweke siku ileile unayolipwa, hata kama ni kidogo. Na masufuria uanze kuyakodisha sasa. Asiyetaka kulipa akapikie kikaangoni kwake.

Ama Kificho, mtajie bei ya kukodi masufuria yatakayobaki na kazi ya Gombani, kama unavyomtajia mtu baki, halafu umwambie, "Hii siichukui, ndiyo zawadi yangu kwa binti yetu." Umempa mengi miaka yote hii naye hajui kama amepewa, kwa sababu hukumwambia thamani yake. Upishi amtafute mwingine, wewe nenda Gombani, kubeba na kuinama uwaachie wasaidizi. Atanuna, na harusi itapita. Wewe siku ya harusi vaa mojawapo ya zile kanga, uende ukakae mkekani kama mama wa bibi harusi, upakuliwe.

Na akikwambia tena una watu, usigombane naye. Mkumbushe tu ile siku ya goti: masufuria yako yalikwenda Tumbe kwa gari, na wewe ukaenda hospitali kwa boda.