Kimya cha Ukuta Mweupe

Dada yangu mpendwa,

Pokea salamu za mdogo wako, uzigawe kabla hazijapoa: za kwanza kwa Mama, za pili kwa shemeji, zitakazobaki wapewe wapwa zangu, hasa yule wa mwisho anayekula chaki. Mimi ni mzima, ila nimechoka, Dada, nimechoka mpaka kwenye kucha. Vipi maandalizi ya uhamisho? Kumhamisha mwalimu katikati ya muhula ni sawa na kumwambia mpishi abebe chungu kikiwa motoni. Na kichwa cha Mama je? Kipanda uso kimempa nafasi, au bado hata kijiko kikigonga sufuria anashika paji la uso?

Najua umeshangaa kupata barua wakati simu ninayo mfukoni. Mwezi uliopita ulinilaumu kwamba mji umenipa maringo, sipokei simu, na nikipokea nakata haraka. Nivumilie mpaka ukurasa wa pili, utaelewa.

Nianze na nyumba, maana ndiyo uliyonituma. Ulisema Mama hawezi kukufuata huko unakopelekwa, kwa kuwa nyumba ya mwalimu ni chumba kimoja na kengele ya shule iko dirishani, kwa hiyo atakuja kwangu mwisho wa mwezi. Ukanipa sharti moja tu: nitafute mtaa wenye kimya, mengine tutayavumilia. Nikakubali upesi, kumbe sikujua nilichokikubali.

Nilianza na mtaa ulio karibu na karakana yetu, ambako ningeweza kutoka kuchomelea mageti nikaenda kumpa Mama dawa ya mchana. Mwenye nyumba alinitazama kuanzia viatu mpaka kofia, akataka kodi ya mwaka mzima mkononi. Nikamshukuru, nikaondoka. Mtaa wa pili uko nyuma ya soko. Kodi ilinifaa, lakini nilihesabu spika nne juu ya mapaa, na baa mbili zinazotazamana kama wake wenza. Nikasema hapa Mama hamalizi siku tatu. Wa tatu, ulioko mlimani, hata sikuufikia, miguu iligoma njiani. Jumapili nne nilizimalizia hivyo, nikimfuata dalali ninayemwita Kesho, kwa sababu neno hilo halimtoki mdomoni. Kiatu changu cha kushoto kimeachama.

Ndipo akanipeleka kwenye nyumba niliyo nayo sasa. Vyumba viwili, chini, hakuna ngazi, bomba liko uani hatua sita kutoka mlangoni. Nyuma yake kuna ukuta mrefu uliopakwa chokaa, hauna dirisha wala bango. Hakuna baa, hakuna spika, barabara kubwa iko mbali. Na kodi ni nusu ya ile ya sokoni. Nilimuuliza Kesho kulikoni iwe rahisi hivyo. Akacheka, akasema jambo huku anatazama pembeni, nami nikaitikia kwa kichwa kama niliyeelewa. Nikalipa miezi mitatu siku ileile, na jioni nikakutumia ujumbe kwamba nimepata mahali penye kimya utadhani watu wote wamehama.

Kilichonipendeza zaidi ni majirani. Wengi katika mji huu huongea na mtu kana kwamba wana kitu wamekificha shavuni. Lakini pale uani, mshonaji wa chumba cha pili akiniamkia nilikuwa namsikia neno kwa neno. Mke wa mwenye nyumba akinisimulia habari za goti lake, namfuata toka mwanzo hadi mwisho, na si habari fupi. Nikajisemea, hawa ndio watu, wanaongea kwa moyo. Wiki tatu nimelala kama gogo. Kitu kimoja tu kilinisumbua: maji kwenye kikombe changu pale mezani yalikuwa yanatetemeka, viduara vidogovidogo, asubuhi na jioni. Nikaona mguu mmoja wa meza ni mfupi, nikaukunjia boksi. Yakatetemeka. Nikakata mguu mwingine. Si unanijua, mimi naamini hakuna kibaya kisichotengenezeka kwa kukata.

Jumamosi nilimwambia mshonaji kwamba mama yangu anakuja, kwamba ana kipanda uso, na kwamba nimechagua pale kwa sababu ya kimya. Aliacha kushona. Alidhani namtania. Kisha akanishika mkono, akanipeleka mpaka kwenye ule ukuta mweupe, akakibandika kiganja changu pale. Ukuta ulikuwa unatetemeka. Akanieleza kwamba nyuma yake kuna kiwanda cha barafu, na mashine zake hazizimwi usiku wala mchana. Ndiyo maana kodi ni ndogo, ndiyo maana wapangaji hawamalizi miezi miwili, na ndiyo maana watu wote wa pale hupaza sauti. Walikuwa wananishangaa tangu nilipofika.

Nilisimama pale, Dada, sikio langu karibu na ukuta kuliko wewe na karatasi hii, na sikusikia kitu.

Basi niseme, maana mficha maradhi kilio kitamfichua. Masikio yangu yanakufa. Miaka kumi na moja nimekata chuma bila kuziba masikio, nikiwacheka wanaoziba. Nilijua kidogo, nikajidanganya sana. Nikawa nakagua mitaa kwa macho, nahesabu spika na baa, kama mtu anayetaka kujua chumvi kwa kutazama mchuzi. Na simu ndiyo mbaya kuliko yote, sauti zenu zinanifikia kama za watu walio ndani ya pipa. Sina maringo. Naona aibu.

Mama asije kwenye nyumba hii. Jana nilimwomba mshonaji aniazime masikio yake, tukapanda hadi ule mtaa wa mlimani nilioukatia tamaa. Tumepata chumba kimoja na jiko. Kutoka pale hadi karakana ni mwendo wa saa nzima kwa miguu, na kodi imenibana, lakini Mama atalala chumbani na mimi nitatandika jikoni. Mshonaji alisimama katikati ya chumba, akafumba macho muda mrefu, mpaka mwenye nyumba akaanza kuchezesha funguo. Kisha akafumbua, akaniambia kwa sauti yake ileile ya uani, "Hapa mama yako atalala."

Nimelipia mwezi wa kwanza. Ila uje naye mwenyewe, ukae hata siku mbili, usikilize. Siku hizi sijiamini. Habari ya masikio usimwambie, nitamwambia mwenyewe akifika.

Nina ombi la mwisho, na ndilo hasa lililonikalisha kuandika. Simu ile ya mwisho Mama aliongea nami kwa muda mrefu. Sikushika hata neno moja. Niliona aibu kumrudisha nyuma, nikamwitikia "ndiyo, Mama" mara tatu, kila alipotulia kama anayesubiri jibu. Siku ya pili yake ukaniandikia kwamba ameshinda anatabasamu, na kichwa hakikumuuma kutwa. Tafadhali muulize taratibu, bila kumshtua, kisha uniambie nilimkubalia nini. Nataka nikitimize kabla hajafika.

Shemeji mpe mkono wangu, na mla chaki mwambie mjomba atamletea za rangi. Nakuombea safari njema na wanafunzi wasikivu.

Jibu kwa barua, Dada. Usipige.

Ni mimi,
kitindamimba wenu