Yuka ya Madam Haitaki Maji

Dada Mwende,

Hujambo na watoto? Hapa Garhoud, huku kazini kwa Waarabu, madam ameleta yuka, mmea wa mbuga kavu za Amerika, ndugu kabisa wa mkonge wetu wa Kibwezi. Ameamuru niumwagilie lita mbili kila siku. Nikamwambia maji yataozesha mizizi. "Profesa," akanijibu, "mwagilia, au nitafute mtu mwingine." Miaka minane ya bustani, naitwa profesa! Majani tisa yakawa ya njano. Siku sita sasa maji yake nayamwaga kwenye bogonvilia kwa siri, na bado ni tisa. Lakini leo wingu zito limetanda kutoka mtaa wa Rashidiya, na mmea ukifa, khalas, kazi imekwisha, narudishwa nyumbani. Nyinyi ombeni mvua yenu. Mimi niombeeni isinyeshe.

Kakako akupendaye,
Musyoka