Filta ya Pikipiki ya Baba

Kithinji,

Chai iko kwenye thamosi. Githeri ni ya jana, pasha moto. Usiguse pikipiki kabla ya kusoma hii yote.

Filta niliyonunua iko karibu na kikombe chako. ~~Kwanza mwaga petroli yote uoshe tangi.~~ Hapana, usimwage. Najua ndani bado kuna ile ya mwisho aliyotia Baba, na tangu tumzike unaongeza tu juu yake, hujakubali tangi likauke. Mimi pia namkumbuka, hata kama silii mbele yako. Lakini kutu ya hilo tangi ndiyo inaziba kabureta. Leo asubuhi pikipiki imezima kwenye kona ya kushuka Runyenjes, Mama akiwa nyuma yako na lori likija. Na niliposema tufunge filta, ukanicheka: "Mwalimu, umekuwa fundi lini?"

Basi nimemuuliza fundi. Funga koki, kata mpira wa petroli kati ya tangi na kabureta, uingize filta hapo. Mshale uelekee kabureta. Kaza klipu pande zote mbili, kisha fungua koki uangalie kama inavuja. Usifanyie karibu na jiko, tafadhali.

Kesho Mama anaenda kliniki Embu. Nimemwomba akatae kupanda na wewe. Amesema, "Nikikataa, atafikiri simwamini tena."

Hatakataa, Kithinji. Kwa hivyo kama filta haitakuwa imefungwa, wewe ndiye utamkatalia.

Dada yako,
Kaari