Adelard, Kikombe Ulichoshindwa Kukikataa

Bomba la uani likikohoa gizani, kabla maji hayajatoka, bado nageuka upande wako nikutikise. Wewe ndiye uliyekuwa ukiamka kujaza ndoo. Mwaka umetimia sasa, Baba Blessing, tangu utuache hapa Kipawa, na ndoo nazijaza mimi.

Ulikuwa mwaka wa pili chuoni. Kila likizo uliondoka na wenzako kwenda kujitolea kijijini, kuchimba kisima na kufunga pampu, ili watu waache kunywa maji ya bwawani. Majirani walikutania: "Injinia, mbona kwako tunapanga foleni ya ndoo?" Ukacheka. "Sie tunasubiri tu. Wenzetu wanazika watoto."

Nyumbani hakuna aliyethubutu kunywa maji ambayo hayajachemshwa. Hata mama yako ulimnyang'anya kikombe mkononi, shikamoo ikafuata baadaye.

Siku mliyomaliza pampu, Bibi Mwanaasha, aliyewapikia muda wote mliochimba, alikuletea maji ya bwawani, eti ya kuyaaga. Ulijua yana nini. Ukayamaliza. Ulipolazwa kwa kipindupindu nilikuuliza kwa nini.

"Kanishikia kikombe kwa mikono miwili, Mama Blessing. Ningemkataliaje?"

Ungemkatalia tu, mume wangu. Angenuna, nawe ungekuwa hai.

Jumapili Bibi Mwanaasha alikuja kutupa pole ya mwaka, kavaa baibui lake zuri. Akasema pampu inatoa maji, na tangu uzikwe hawajazika mtoto kwa kuharisha. Mama akamgeuzia mgongo. Kaka yako akatoka nje. Mie nilimwacha akae na kiu yake, humu nyumbani mwako ambamo mgeni hupewa maji kabla ya kuulizwa habari za safari. Nilitaka aombe. Hakuomba. Alikuwa akitazama picha yako ukutani, midomo imemkauka.

Hatutachoka kukukumbuka: mkeo Atuganile, ninayesoma masomo ya jioni nikitumaini siku moja nitaingia chuo chako, mama yako Jovina, kaka yako Revelian, na binti yako Blessing.

Blessing ndiye aliyeinuka Jumapili ile. Hakutumwa na mtu. Alichota kwenye ndoo ya maji ya kunywa, akamwendea bibi taratibu asimwage, kashika kikombe kwa mikono miwili.

"Kunywa bibi, haya yamechemshwa."