Mwalimu Zakaria na Mchele wa Uvunguni

Shoga, natoka kwa bibi sasa hivi. Unamjua Zakaria, babu yake, yule mwalimu wa misheni tunayemsifu kanisani? Aibu nimeiona mimi.

Vita vya Maji Maji vinaisha, Wajerumani wamechoma mashamba yote huku Kibiti. Njaa. Zakaria ana mchele kaufukia uvunguni.

Asubuhi anafundisha watu: anayemlisha mwenye njaa amemlisha Bwana. Kafika tu kwake, jirani yake Mwajabu anapiga hodi, mtoto mgongoni.

"Mwalimu, hata konzi moja ya mchele."

"Sina, dada."

Sina. Na mchele upo, shoga. Kasema sina.

Wiki haijaisha, askari wakaufukua, wakabeba wote. Siku ya nne Zakaria kusimama hawezi. Nani kaja? Mwajabu, Mwislamu wa watu, na chungu cha ming'oko aliyoichimba porini.

"Kula, mwalimu."

Akashindwa kumtazama. "Mwajabu, siku ile mchele nilikuwa nao."

"Najua. Ulipopika, mwanangu alisikia harufu, akalia mpaka akalala."

Akamsogezea chungu. Zakaria akala, machozi yakimdondokea mkononi. Bibi anasema babu yake alimsimulia mwenyewe, uzeeni.