Kamba Nyekundu

Ijumaa jioni

Basi nimekubali kwenda. Kesho tutapanda vilima vya Kaptagat na watu wa kanisa, turudi jioni. Nimechemsha viazi vitamu na kuosha chupa ya chai. Mikono imefanya kazi yake, lakini moyoni sisikii chochote.

Shemeji Wafula alipita kuuliza kama nina koti la mvua. Alikuwa amevaa buti za mume wangu, Barasa. Mimi mwenyewe nilimpa, siku tuliyogawa nguo za marehemu. Ile ya kushoto bado ina kamba nyekundu niliyomnunulia Barasa sokoni, ya kwanza ilipokatika.

“Shemeji, mbona unaniangalia miguu? Nizivue?”

“Hapana. Zinakutosha?”

“Zinanibana. Ndugu yangu alikuwa na miguu ya mtoto wa shule.”

Nilijaribu kucheka. Ninaogopa kuzifuata buti hizo kutwa nzima, halafu nikiinua macho nione mgongo wa mtu mwingine. Nilitaka kumwomba kesho atembee nyuma yangu.

Badala yake niliinama nikamfunga ile kamba mafundo mawili. Kwenye mteremko huwa inafunguka.